Nestory Kaandika Nini

...na kama ni gone basi ni gone, lakini mbona sina hakika, niliisoma mara moja tu, pale mlangoni kwa mwalimu mkuu, beseni la simu limeshaletwa chini ya kidevu changu, "Simu, Mwalimu Sabina, simu, bahasha zinafunguliwa," nikaitupia jicho ile meseji ya Nestory kama mtu anavyoitupia jicho saa ya ukutani, nikazima, nikaiweka simu yangu yenye ufa kwenye kioo juu ya simu za wenzangu, nikaondoka na bahasha nimeikumbatia, na nilikuwa nimeshafika katikati ya uwanja, karibu na bomba, ndipo maneno yakaingia kichwani, na hapo kurudi haiwezekani, msimamizi akishapokea bahasha harudi ofisini, hatoki darasani mpaka karatasi zikusanywe, ndivyo tulivyosomewa masharti asubuhi, na mimi nilitikisa kichwa kukubali, ndiyo, ndiyo, sasa nimesimama nyuma ya darasa la saba la shule isiyo yangu, vichwa vyote chini, kalamu zinakwaruza, mtihani wa majaribio wa Kiingereza, na mimi mwalimu wa Kiingereza, mtu mzima, nguo nimepiga pasi, sikumbuki kitenzi kimoja. Baba has. Hapo nina hakika. Baba has, halafu neno fupi, halafu nukta, halafu Call me. Neno fupi la herufi nne. Gone ina nne, went ina nne, mungu wangu, hata kwa urefu yanafanana, na baba yuko wodi ya wanaume Sengerema, ng'ambo ya maji, miguu imevimba, kifua kinakoroma, Jumamosi nilikuwa naye, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda namkanda miguu, nikamwambia baba, Jumatano nina mtihani wa kusimamia lakini naweza kuomba ruhusa, akaniangalia kama vile nimemtukana, "Nenda kawasimamie watoto wa watu, mimi siendi popote." Siendi popote. Ndivyo alivyosema. Mtu ambaye haendi popote huwezi kusema has gone, has gone wapi, Mzee Ndalahwa akisema haendi haendi, ng'ombe wake wenyewe walikuwa wanalijua hilo.

"Mwalimu, yule wa dirishani anachungulia kwa mwenzake," ananong'ona Rahim, msimamizi mwenzangu, kijana wa mjini, kanzu ya Ijumaa na jinzi siku nyingine zote, kaegemea ubao uliofunikwa magazeti, namwambia nimemwona, sijamwona, nasogea hatua mbili ili nionekane nimemwona, mtoto anavuta karatasi yake karibu, maskini hata hakuwa anachungulia, alikuwa anatazama nje kwenye mawe ya kilimani, na mimi ningekuwa yeye ningetazama mawe pia. Nestory ni mdogo wangu, tumebaki wawili, fundi pikipiki, ndiye anayemuuguza baba, na meseji zangu zote huandika kwa Kiingereza kwa sababu ni utani wetu, tangu niko chuo cha ualimu narudi likizo nafanya mazoezi ya kufundisha juu ya mgongo wake, yeye amekaa juu ya debe, mimi na kipande cha mkaa naandika mlangoni, go, went, gone, sema, go, went, gone, na yeye anasema go, went, anafunga mdomo. "Malizia." "Nimemaliza." "Ya tatu." "Dada, hii ya tatu imetoka wapi? Sisi ni kwenda, alikwenda, amekwenda, mtu ni yule yule anabadilisha shati tu. Hawa wenzetu wana go, halafu wanakuletea went, hawafanani hata pua, mimi nimekubali, nimempokea. Halafu unaniletea mgeni mwingine. Went amenitosha." Na kweli akaishi na went wake, akafeli naye, akaoa naye, mpaka leo ni mtu wa has went, Dada, the electricity has went, Dada, your goat has went with the neighbour, na mimi kila mara namjibu kwa herufi kubwa, GONE, na yeye kila mara ananirudishia, Okay dada, has went gone, na mimi nacheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu anauliza unacheka nini na siwezi kumweleza. Kwa hiyo ni went. Nestory hajawahi kuandika gone maisha yake yote, hata kwa bahati mbaya, kwa hiyo ni went, na mimi kichwa changu cha ualimu kimesahihisha chenyewe bila kuombwa, kama kinavyosahihisha mabango ya saluni, nimesoma went nikasikia gone, imekwisha, pumua Sabina, pumua.

Kwa sababu Baba has went maana yake ni moja tu, mzee katoroka. Ameshawahi. Mwaka ule wa malaria walimlaza asubuhi, mchana muuguzi kageuka kuchukua dawa, kitanda kitupu, shuka hakuna, wakamtafuta chooni, wakamtafuta jikoni, kumbe yuko mnadani, kakaa kwenye kivuli cha lori anatafuna muwa, shuka la hospitali begani kama mgolole, sindano ya dripu bado imebandikwa plasta mkononi, anabishana bei ya dume la mtu mwingine ambalo hata halinunui, na Nestory ndiye aliyeniandikia, Baba has went from hospital, call me quickly, nikapiga, simu ikapokelewa na kicheko. Na Call me hiyo siyo neno la msiba, Nestory hana salio tangu azaliwe, ukimtakia heri ya Krismasi atakujibu call me. Kwa hiyo katoroka. Yuko barabarani hivi sasa na miguu ile iliyovimba, anaburuza kandambili, anamwamkia kila mtu na kuulizwa unatoka wapi mzee na anasema hospitali walikuwa wananichelewesha, na leo ni siku ya mnada gani, sijui, sikumbuki minada ya kwao tena, lakini kuna mnada mahali fulani, lazima kuna mnada mahali fulani... ile honi ni ya kivuko, kinaondoka gati la Kamanga, wengine sasa hivi wako juu ya maji wanaelekea kule, mtu ameshika kuku, mtu ameshika godoro, na kila mmoja anajua anakwenda wapi. "Uko sawa lakini?" Rahim amekuja mpaka hapa, ananukia karafuu, "maana uso umekubadilika, kama unataka kutoka kidogo toka, mimi nipo, hawa watoto wametulia, si unakwenda tu na kurudi." Unakwenda tu na kurudi. Has been. Nawafundisha kila mwaka, nasimama mbele nawaambia wanangu, has been ni yule aliyekwenda akarudi, yuko hapa anatuhadithia, has gone ni yule aliyekwenda na bado yuko huko, natoka mlangoni, nasema mwalimu has gone, naingia tena, nasema mwalimu has been, wanacheka, wanaomba nirudie, naenda na kurudi, naenda na kurudi, sijawahi kufikiria hata siku moja kwamba kuna mtu angebaki nje. "Niko sawa," namwambia Rahim, "ni joto tu." Na masharti je, nilishasema ni masharti yananizuia, muongo mimi, huyu kijana kanifungulia mlango, ofisi ile pale ng'ambo ya uwanja, beseni liko juu ya kabati, ningevuka, ningewasha, ningesoma, na miguu yangu imekataa, imekataa kabisa, kwa sababu humu ndani baba yuko njiani anakula muwa, na nikivuka ule uwanja sijui.

Halafu nani anatangaza msiba namna hiyo, hebu tuseme ukweli, kwetu mtu akishakufa ndipo anapoanza kuumwa sana. Hakuna anayekwambia kafa. Wanakwambia kazidiwa kidogo, njoo, wanakwambia anakuulizia, wanakwambia njoo na nguo za kubadilisha, na kadiri wanavyokwambia usiwe na wasiwasi ndivyo unavyopaswa kuanza kulia, lakini hulii, unaamini, mimi niliamini. Mama alipokufa nilipigiwa na baba mdogo, sauti imetulia, "Mama yako hajisikii vizuri, kama una nafasi njoo umwone," na mimi nikapita sokoni nikanunua machungwa, nikayachagua moja moja, nabonyeza, nanusa, nabishana na muuzaji kwamba haya ni ya mgonjwa nipe yenye maji, nikavuka ziwa nimeyapakata, nikafika kona ya nyumbani nikaona turubai limefungwa kwenye mti wa mlimao, viti vya plastiki, wanaume wamekaa wananitazama mimi na machungwa yangu, walitazama tu mfuko. Nani aliupokea ule mfuko, sijui mpaka leo. Kwa hiyo ingekuwa ni hivyo, Nestory angeandika Baba is sick, come, angeandika the doctor wants you, angenificha kama wanavyofichana watu wote wenye adabu, na kwa sababu hakunificha ina maana hakuna cha kufichwa, hesabu imekaa sawa, hata Rahim anayefundisha hesabu angenipa alama zote. Isipokuwa ile siku tulipomaliza matanga ya mama, mimi na Nestory tumekaa kwenye lile debe na kinu, nikamwambia... hapana. Hiyo haihusiani. Mtoto amenyoosha mkono.

Amenyoosha mkono na Rahim yuko mbali, kwa hiyo ni mimi, napita kati ya madawati nimekunja sketi isikwaruze, msichana mwembamba, nywele zimenyolewa, kwenye kona ya karatasi ameandika jina, Ng'washi, kwa mwandiko wa mtu anayeogopa kuchafua. "Mwalimu, samahani," ananong'ona, "hapa haijaisha." Haijaisha nini. Anaweka kidole. Ni kweli, fotokopi imekula ukingo wa kulia, maswali mengine yamepona lakini hili limekatwa mwisho, andika go katika umbo linalofaa, My uncle has, vitone vitone, halafu to, halafu hakuna, karatasi imeisha. Na si ajabu, go haikosi, hakuna mtihani wa Kiingereza nchi hii usio na go, wanaiweka kama watu wanavyoweka chumvi, lakini kwa nini leo, kwa nini kidole cha mtoto huyu. "Amekwenda wapi, Mwalimu? Haijaandikwa." Ananitazama, macho makubwa, anasubiri, kwake ni jambo la haki kabisa, kama mtu ameondoka na mwenye sentensi anajua alikokwenda basi aseme. Siruhusiwi kukusaidia, namwambia, andika unachojua, sauti inatoka kavu, ya ukali, sikukusudia ukali, anarudisha kichwa chini haraka na mimi nabaki nimesimama juu yake kama mti. Amekwenda wapi. Nilimwambia Nestory, ndiyo, sawa, nakumbuka, nilikuwa nakumbuka tangu kwenye bomba, nilimwambia, siku ya mama mmenifanya nibebe machungwa, nimefika nimeshika machungwa mbele ya jeneza, mimi mtoto wa kwanza nimekuwa wa mwisho kujua, watu wa jirani wameshalia wamekaukiwa mimi ndiyo kwanza nasema hodi, siku ya baba usinifanyie hivyo, Nestory, siku ya baba uniambie palepale, usipambe, usizungushe, akaniapia, huku anachokonoa ukucha kwa bisibisi, halafu kwa sababu nilikuwa nalia na yeye hawezi kuona mtu analia bila kutafuta la kumchekesha akasema, "Siku hiyo nitakuandikia Kiingereza safi, dada. Utashindwa hata pa kusahihisha." Na mimi nikacheka. Nilicheka, kamasi zinatoka, nikampiga kofi la bega, nikamwambia huwezi, wewe utaandika has went.

Utaandika has went. Nakuomba. Tangu nishike chaki nimeomba watoto wapate, nimewasemesha kwa pamoja mpaka koo linawaka, nimeamka alfajiri kusahihisha, na leo nimesimama kati ya madawati naomba mtu mmoja akosee, kosea Nestory, kosea kama ulivyokosea juu ya debe, kama ulivyokosea mbuzi na umeme, kosea tu mdogo wangu na mimi nikitoka hapa nitakuandikia GONE kwa herufi kubwa na wewe utanijibu has went gone na mzee atakuwa anakula muwa. Nijaribu kuiona. Nifumbe macho, hapana, Rahim ananitazama, nisifumbe, nitazame sakafu, saruji, kuna ufa kwenye saruji, na kioo cha simu kina ufa, tangu ilipodondoka Pasaka, unaanzia kona ya juu unakuja kushoto, unapita chini kidogo ya mstari wa kwanza wa kila meseji, kila meseji ninayosoma huwa inakaa juu ya ule ufa kama nguo juu ya kamba, Baba has, B imekaa juu ya kamba, h imekaa juu ya kamba, halafu... Sioni. Naona kidole cha mwalimu mkuu kwenye ukingo wa beseni. Naona pete yake. Neno silioni, neno limekuwa ukungu mweupe, labda ni bora, labda kichwa kinanihurumia. Chini yangu kalamu ya Ng'washi inaanza kusogea. Hajui mjomba amekwenda wapi lakini ameamua kumpeleka, anaandika polepole, ameng'ata ulimi, na ni watoto wachache tu sasa wanaoandika hivi, mwandiko wa kuunganisha, kuna mtu nyumbani kamfundisha, anaandika g, duara dogo, halafu mkono unashuka, unavuta mkia chini, mrefu, unatoka kwenye mstari wake, unaingia kwenye mstari wa chini, unagusa neno la swali linalofuata, unapinda, unapanda, o, n, e. Mkia. Ule mkia. Kulikuwa na mkia. Neno fupi lilikuwa na mkia, ulishuka kutoka kwenye mstari ukakata ufa wa kioo, na mimi pale mlangoni kabla sijasoma chochote niliona kwanza hicho, kama unywele umekwama kwenye ufa, na kidole gumba changu kikapita juu yake kuupangusa, na haukupanguka, kwa sababu haukuwa unywele. W haina mkia. E haina, n haina, t haina. Hakuna herufi katika went inayoshuka chini ya kamba.

"Mwalimu Sabina?" Rahim, kutoka mbele, midomo tu, nyusi zimepanda. Namwinulia kiganja, niko sawa, niko sawa, yeye anarudi kutazama dirisha. Kalamu zinakwaruza. Mtoto wa dirishani ameanza kuhesabu maswali yaliyobaki kwa ncha ya kidole. Hakuna aliyeinuka, hakuna aliyepiga kengele, bahasha bado iko mezani, ofisi iko palepale ng'ambo ya uwanja na beseni juu ya kabati, na baba alikuwa kwenye mnada mpaka dakika hii na sasa hayuko kwenye mnada, hayuko barabarani, kandambili zake ziko chini ya kitanda kimoja Sengerema na mtu anazitazama, na huyo mtu kabla ya kutoa simu mfukoni alisimama mahali, kwenye korido, au nje kwenye yale maua ya wodi, mikono ina grisi haitoki hata kwa sabuni, na akafikiria. Hakuandika la kwanza lililokuja, la kwanza lililokuja lingekuwa went. Alimtafuta yule mgeni aliyemkataa juu ya debe, akamkumbuka vizuri, herufi kwa herufi, akamwita ndani. Aliahidi, akatimiza. Natamani kukaa chini na hakuna kiti cha msimamizi, walisema msimamizi hakai, basi sikai, naendelea na safari yangu kati ya madawati, taratibu, sketi nimeikunja, Ng'washi anafunika jibu lake kwa mkono nikipita, anadhani nimeona kosa, na mimi nataka kumwambia hapana mama, hakuna kosa, umepata, hata kama hawakukwambia alikokwenda umepata, lakini siruhusiwi, kwa hiyo nampita, machozi yanashuka yenyewe nayaacha, na moyoni namwekea mdogo wangu alama ya vema, nyekundu, kubwa, ile aliyoikosa miaka yote. Sina pa kusahihisha, Nestory. Umepata.